Matumizi ya Jengo

Alama ya kwanza ya X nyekundu niliiona Jumatatu, kwenye ukuta wa choo cha jirani wa nne kutoka kwetu, na X nyekundu maana yake jengo limeandikiwa kubomolewa. Jumanne ilikuwa kwenye kibanda cha chipsi. Jumatano asubuhi nikienda kazini nikaikuta kwenye stoo ya Mama Selina, ambaye kati ya kiwanja chake na changu kuna mstari mmoja tu wa minyaa. Rangi ilikuwa mbichi bado, imechuruzika mpaka chini. Nikaigusa kama mjinga, kisha nikashinda na kidole chekundu siku nzima, wateja wakiniuliza kama nimejidunga sindano.

Niseme mapema ili tusisumbuane baadaye: mimi ni mwoga. Sikuanza jana. Naitwa Chediel, nashona maturubai ya malori hapa Shelui, kwenye kibanda kinachotazamana na maegesho, na madereva wote wananijua kwa mambo mawili: mshono wangu hauvuji, na lori likipiga honi ghafla mimi huruka. Naogopa mbwa. Naogopa bahasha za kaki. Naogopa mtu anayeniambia "nina neno na wewe" halafu hasemi ni neno gani. Lakini hofu ya wiki ile ilikuwa ya aina yake. Nyuma ya nyumba yangu, katikati ya mchicha na mipapai miwili, palikuwa na chumba cha matofali chenye dirisha la kioo na mlango wa bluu. Ndani yake aliishi mama mkwe wangu, Bibi Rebeka. Na katika faili la halmashauri chumba hicho kilikuwa kimeandikwa banda la kuku.

Niliandika mimi, kwa mkono wangu, na saini yangu nikaweka.

Ilikuwa hivi. Mwaka juzi, mvua za Februari zilipozidi, tembe la Bibi Rebeka kule Iguguno lilianguka upande wa jikoni. Paa la udongo likinywa maji siku nne mfululizo linakuwa zito kuliko lori la alizeti, na miti iliyolibeba ilikuwa ya tangu enzi za marehemu mumewe. Bahati yeye alikuwa uani. Chumba alichobaki nacho kilikuwa kimeegemea upande mmoja, na jicho lake la kushoto lilikuwa limeshaingia mtoto wa jicho, hata asingeona kama ukuta unamjia. Mke wangu, Asnath, akasema mama aje akae kwetu. Nikasema ndiyo, aje. Ndipo tukatazamana, kwa sababu wote wawili tuliona tatizo kwa wakati mmoja.

Kwetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe. Hatutazamani usoni. Tukikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite, na miaka yote anayeingia kichakani ni mimi. Wapo vijana siku hizi wanaokula ugali sahani moja na wakwe zao, wanataniana na kupiga picha pamoja. Bibi Rebeka si wa hao. Alimwambia Asnath kwenye simu, na mimi nilisikia maana simu ilikuwa kwenye spika: "Chini ya paa la mkwe wangu silali. Heri hili lililobaki liniangukie."

Hakuwa anatisha watu. Alikuwa anatoa taarifa.

Nikaenda halmashauri kuulizia chumba cha uani. Nikaelezwa vizuri, sina lawama. Chumba cha kulala mtu kina fomu yake, ramani yake na kibali chake, na lazima kikae mita moja na nusu kutoka mpaka wa jirani. Mita moja na nusu ni urefu wa tepu yangu ya kushonea, mwanzo mpaka mwisho. Nikarudi nyumbani nikaitandaza kutoka kwenye minyaa ya Mama Selina. Ukiweka chumba pale, kinaingia ndani ya tepu kwa shubiri nzima. Ukikisogeza huku, kinagusa nyumba yangu. Nikarudi kuuliza. Wakasema basi, mzee, kiunge na nyumba kubwa, paa moja, hapo sheria haikubani.

Paa moja! Nilitoka ofisini bila hata kuaga.

Aliyeniokoa, au aliyenimaliza, alikuwa fundi Gasto. Alikuwa amekaa juu ya tofali anakula karanga, akasema bila hata kuniangalia, "Andika banda la kuku. Banda la kuku halina ramani, ni barua tu kwa mtendaji. Na hapa Singida, mkoa wa kuku, nani atakuuliza kuku wa nini?"

Nikacheka. Kesho yake nikaandika: *Naomba ruhusa ya kujenga banda la kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba yangu.* Paulo, mtendaji wetu, akagonga muhuri pale pale, akaniambia nisisahau kuwachanja kideri.

Bibi Rebeka akaja kwa basi na mizigo miwili na jembe. Mimi nilikuwa nyuma ya kibanda changu, nimegeukia ukuta, namsikiliza Asnath akimwongoza kwenda kwenye mlango wa bluu. Nilichokiona siku ile ni miguu tu, na malapa ya kijani. Kwa kweli mpaka wiki ile ya alama nyekundu, baada ya miaka kumi na tisa ya ndoa, mama mkwe wangu nilimjua kwa miguu na sauti.

Maisha yakawa mazuri, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Kila asubuhi nilisimama kando ya chumba chake, mgongo umeelekea mlangoni, nikasema, "Shikamoo, mkwe." Kutoka ndani anaitika, "Marahaba, Baba Sara. Umeamkaje?" Namwambia salama, huku naangalia papai. Nikienda kazini yeye anatoka bustanini. Mchicha ulinenepa. Akaniomba kupitia kwa Asnath kipande cha turubai cha kuzuia jua dirishani, nikamshonea chenye mapindo mawili na matundu ya pete, kazi safi kabisa, kuliko ninavyowashonea wenye malori. Hakusema asante, ila siku ya pili yake nilikuta maboga mawili mlangoni kwetu.

Sasa, jambo moja la mama huyu lazima ulijue. Alikaa miaka kumi na minne kwenye baraza la kata, akisuluhisha kesi za mipaka na mirathi. Asnath anasema mama yao hajawahi kumpiga mtoto. Ukimdanganya anakaa kimya, anakuangalia, na wewe mwenyewe unaanza kumwaga kila kitu, hata usichoulizwa. Na ukishamwaga hagombi, anafunga mizigo. Mwanawe mkubwa, Laurian wa Manyoni, alimdanganya mara moja tu, kwamba ng'ombe wa marehemu baba yao amekufa kumbe amemuuza. Bibi Rebeka alifunga mizigo siku hiyo hiyo akarudi Iguguno. Ni mwaka wa nane. Laurian ametuma wachungaji, ametuma wazee, amekuja mwenyewe na kupiga magoti kwenye vumbi, na mama hajatia mguu kwake mpaka leo.

Huyo ndiye niliyemwandika kuku.

Kwa hiyo Jumatano ile jioni, Paulo mtendaji alipopita kibandani kwangu na kusema, "Kesho saa nne tunaanza na kwako, afisa wa mipango miji anakagua majengo ya uani. Kuku wako wapo?" mimi nilimjibu bila kufikiri.

"Wapo."

Neno hilo lilitoka lenyewe. Akaenda zake, nikabaki nimeshika sindano. Nikiwaambia ukweli, chumba kinabomolewa na Bibi Rebeka anarudi chini ya ule ukuta ulioinama. Nisipowaambia, wanaona kitanda, wanauliza, wanasoma barua kwa sauti, na Bibi Rebeka anarudi chini ya ule ukuta ulioinama. Nilizungusha kichwa usiniulize mara ngapi. Kila njia ilitokea Iguguno.

Nikamwambia Asnath kila kitu, jikoni, nikiwa nimesimama karibu na mlango.

"Banda la nini?" akauliza.

"La kuku."

"Mama yangu?"

"Kwenye karatasi tu, Mama Sara."

Aliweka mwiko chini taratibu. Afadhali angenitupia. Akaniuliza nafikiria kufanya nini, nikamweleza mpango wangu, na ninaposema mpango ujue ni woga uliovaa shati. Yeye ampeleke mama Kiomboi asubuhi, kliniki ya macho. Wakiondoka, mimi naazima kuku kwa Mama Selina, nawaingiza chumbani, afisa anaona kuku, anaandika kuku, anaondoka. Nafagia. Mama akirudi jioni anakuta chumba chake kama alivyokiacha.

"Unataka kuweka kuku kitandani kwa mama."

"Saa moja tu."

"Baba Sara," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "akijua, anaondoka. Na akienda kulala kule peke yake na jicho lile, mimi sitakaa hapa nikusikilize ukinikoromea. Nitakwenda naye." Kisha akasema atampeleka Kiomboi, kwa sababu hata yeye hakuwa na jingine.

Alhamisi saa mbili niliona malapa ya kijani yakipita chini ya uzio kuelekea stendi, na viatu vya Asnath pembeni yake. Nikaenda kwa Mama Selina. Hakuniuliza chochote, alikuwa amekaa mbele ya X yake akiitazama. Akaniambia chukua tu. Nilibeba kuku kumi na mmoja kwenye matenga mawili, na jogoo mmoja kwapani.

Halafu nikafika kwenye mlango wa bluu, nikasimama. Mkwe kuingia chumba anacholala mama mkwe wake! Kama marehemu baba angekuwa hai, angenikana mbele ya watu. Nilisukuma mlango kwa kiwiko, macho nimeyafumba nusu, moyo unapiga mpaka jogoo akausikia na kuanza kunidonoa mkono.

Chumba kilikuwa safi kuliko nyumba yangu. Kitanda kimetandikwa, shuka limevutwa mpaka hakuna mkunjo. Biblia, kitana, chupa ya mafuta. Jembe limeoshwa, limesimamishwa pembeni. Dirishani lilining'inia lile turubai langu, na chini ya pindo nililoshona mimi alikuwa ameongeza mstari wa uzi mwekundu kwa mkono, vimaua vidogo vidogo, vimepinda kidogo kwa sababu ya jicho. Niliviona nikajisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia. Nilitaka kurudisha kuku. Lakini nikasikia pikipiki inazima mbele ya nyumba, wamewahi kwa nusu saa, na woga ukanifanyia maamuzi kama kawaida yake. Nikafungua matenga.

Kuku hawana adabu ya mgeni. Watatu walipanda kitandani hapo hapo. Jogoo akaruka juu ya Biblia.

Afisa aliitwa Bi. Belinda, mama wa makamo, mpole, ana daftari na tepu ya chuma. Paulo alikuwa nyuma yake na kopo la rangi. Nikawasalimu kwa sauti ambayo si yangu. Bi. Belinda akasimama mlangoni akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Hili ndilo banda?"

"Ndilo."

"Kuku wenu wanalala na chandarua?"

"Mbu wa huku ni wengi," nikasema.

Paulo alikohoa akaangalia pembeni. Bi. Belinda hakucheka. Akanyoosha kidole kwenye kitanda, na mimi nikafungua mdomo kueleza habari za kitanda, sijui ningesema nini, maana pale pale nikasikia nyuma yangu sauti ninayoijua kupitia ukuta.

"Hodi wenyewe. Kliniki ya macho wamesema ni Jumanne."

Basi hata Kiomboi hawakufika. Dereva ndiye aliyewaambia njiani, wakashuka Misigiri na kurudi na gari la kwanza. Niligeukia ukuta kama ninavyopaswa, paji la uso likagusa tofali. Chini, pembeni ya mguu wangu, niliona malapa ya kijani yanakuja, yanasimama. Kuku mmoja akatoka chumbani akapita katikati yetu akilia.

"Shikamoo, bibi," Bi. Belinda alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mnatafuta nini chumbani kwangu?"

Nilisikia Asnath akivuta pumzi. Ikabidi Bi. Belinda aseme, kwa heshima zote, kwamba kwenye faili hapa pameandikwa vingine. Bibi Rebeka akamwomba amsomee, kwani macho yake hayafai. Na Bi. Belinda, ambaye hakujua anachokifanya, akafungua daftari akasoma barua yangu kwa sauti, neno kwa neno, mpaka jina langu. *Naomba ruhusa ya kujenga banda la kuku wa kienyeji.*

Nilishika ukuta.

"Wameandikwa wangapi?" Bibi Rebeka akauliza.

"Idadi haijatajwa, bibi."

"Basi andika mmoja," akasema. "Mzee. Jicho moja."

Sauti haikupanda hata kidogo. Akaingia ndani, nikasikia anawatoa kuku mmoja mmoja, bila kuwakemea, kisha mlango ukafungwa na komeo likaingia.

Bi. Belinda alinihurumia, nadhani, lakini kazi ni kazi. Alipima kutoka kwenye minyaa, akaandika, akamwambia Paulo aweke alama. Nilisikiliza brashi ikipita mara mbili kwenye ukuta ambao upande wake wa pili mtu mzima alikuwa amekaa anasikiliza vilevile. Akanipa siku kumi na nne. Niombe upya kwa fomu halali ya chumba cha kuishi, kiungwe na nyumba kubwa kwa paa moja, au nivunje. Akanipa fomu yenyewe mkononi. "Jaza kwa uangalifu," akasema. "Wenzangu hawapendi fomu iliyofutwafutwa."

Ijumaa asubuhi nilikwenda mahali pangu. "Shikamoo, mkwe."

Nikarudia. Nikasikia tu kamba ikikazwa. Jioni mizigo miwili ilikuwa nje ya mlango wa bluu, imefungwa, jembe juu yake. Asnath alikuwa hasemi na mimi. Alikuwa ametoa begi lake la safari, ameliweka juu ya kiti sebuleni, tupu, limefunguliwa zipu. Sara yuko shule ya bweni, ningempigia simu nimwambie nini? Nilikaa nikilitazama begi lile mpaka macho yakaniuma.

Basi la Iguguno hupita saa tatu. Jumamosi saa moja na nusu nilichukua ndoo, nikaigeuza, nikakaa juu yake kando ya mlango wa bluu, mgongo kwa mlango, fomu kwenye magoti. Juu ya kichwa changu ilikuwa ile X. Kalamu ilinianguka mara mbili kwenye mchicha.

"Mkwe," nikasema, "naomba unisikilize."

Hakujibu. Nikajua ndiyo ile dawa yake ya barazani, na kujua hakukunisaidia kitu. Nikaanza kumwaga. Nikamwambia habari za mita moja na nusu, tepu, Gasto na karanga zake. Nikamwambia nilicheka wakati naandika, hilo hata hakuuliza. Nikamwambia nimeingia chumbani kwake, nimeona maua mekundu. Mwisho sikuwa na kingine, nikasema, "Niliogopa, mkwe. Niliogopa wakikataa utabaki kule, na lile paa. Nimekuogopa wewe miaka yote hii, lakini lile paa niliogopa zaidi."

Jogoo wa Mama Selina aliwika huko kwao. Nilingoja. Niliona jua limeshafika kwenye mpapai wa pili.

"Nimesikiliza waongo miaka kumi na minne," sauti ikasema ndani. "Wote walikuwa wanataka kumtoa mtu kwenye nyumba yake."

Sikujua kama nimesamehewa au nimehukumiwa. Sikuthubutu kuuliza.

"Fomu waliyokupa unayo?"

"Ninayo hapa."

"Soma."

Nikasoma. Jina la mwombaji. Namba ya kiwanja. Aina ya ujenzi: kuongeza chumba, kuunganishwa na nyumba iliyopo kwa paa... hapo sauti ilikwama.

"Endelea."

"Paa moja," nikasema. "Kisha kuna mstari wa matumizi ya jengo."

"Umeandika nini?"

"Bado sijaandika."

"Andika kweli."

Niliandika polepole, herufi kubwa, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza, naomba Mungu kalamu isiteleze. Nikamsomea: "Makazi ya mama mkwe."

Huko barabarani nilisikia basi linapiga honi, likiita watu. Niliruka kama kawaida yangu. Nikasikia malapa yakisogea ndani, yakasimama nyuma ya mlango kabisa.

"Futa neno la mwisho."

"Mkwe?" nikasema, na mpaka leo sijui kama nilikuwa namwita au nasoma.

"Hilo hilo. Paa moja na mkwe wangu silali, nilishasema. Futa."

Nilielewa taratibu, kama maji yanavyopenya kwenye turubai, unaona tone moja ndipo unajua. Na hata nilipoelewa, woga ukasema kwanza. "Lakini wamesema fomu iliyofutwa hawaipendi. Wakiikataa?"

"Kosa kwenye karatasi linakatwa kwa mstari mmoja, mwenye kuhusika anatia saini pembeni. Nani hajui hilo? Kata."

Nikakata. Mstari ulitoka umepinda, mbaya. Ikabaki *Makazi ya mama*. Nikasikia komeo linavutwa, nami nikajitupa kugeukia ukuta, fomu kifuani.

"Chediel."

Hajawahi kuniita hivyo. Watoto wake ndio anawaita kwa majina.

"Lete hiyo kalamu. Siwezi kutia saini kisogoni kwako."

Niligeuka. Nilianza na malapa, nikapanda taratibu, kanga, mikono yenye udongo kwenye kucha, halafu hapakuwa na pengine pa kuangalia. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alikuwa na kidevu cha Asnath. Jicho moja jeupe, na lile jingine lilikuwa linanitazama, limejaa maji, na midomo ilikuwa inamcheza. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu yule anaweza kuogopa kitu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Ishike vizuri hiyo karatasi, inatikisika."

Tulikuwa tumeishika wote wawili.